Chrome yabaki mikononi mwa Google: nani atalinda mtandao wa wote?

Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington alipotoa uamuzi wake tarehe 2 Septemba 2025, wengi walikuwa wakisubiri jibu la swali moja: je, kampuni ya Google italazimishwa kuiuza Chrome, programu inayotumiwa na watu wengi kuliko nyingine yoyote duniani kufungulia tovuti? Jibu lilikuwa hapana.

Uamuzi huo uliiachia Google kivinjari chake, lakini ukaipiga marufuku kufunga mikataba inayowazuia washirika wake kufanya kazi na washindani. Vilevile uliiagiza kampuni hiyo kuwapa washindani sehemu ya taarifa zake za utafutaji. Malipo kwa kampuni zinazoiweka Google kuwa huduma ya kwanza ya utafutaji katika simu na vivinjari vyao yaliruhusiwa kuendelea.

Vichwa vya habari vya siku ile vilizungumzia nani ameshinda na nani ameshindwa. Lakini kwa wanaojenga tovuti, na kwa mamilioni wanaozisoma kwa simu za bei nafuu kutoka Mombasa hadi Bujumbura, kuna suala ambalo kesi hiyo haikuligusa. Chrome ni jina tu lililo juu ya mlango. Ndani ya nyumba kuna injini, na injini hiyo hiyo sasa inaviendesha hata vivinjari vingi ambavyo Google haivimiliki.

Kesi ilivyofika hapo

Wizara ya Sheria ya Marekani, pamoja na majimbo kadhaa, ilifungua kesi dhidi ya Google mwezi Oktoba 2020. Madai yalikuwa kwamba kampuni hiyo inalinda uhodhi wake katika biashara ya utafutaji kwa kununua nafasi ya mbele kila mahali mtumiaji anapoanzia safari yake mtandaoni. Tarehe 5 Agosti 2024, Jaji Mehta alikubaliana na serikali na kusema kuwa Google imevunja sheria. Mahakama ilielezwa kwamba katika mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ilitumia dola bilioni 26.3 kulipia nafasi hizo.

Novemba 2024, serikali iliomba Chrome iuzwe. Mwezi Agosti 2025 kampuni ya Perplexity, inayojishughulisha na akili mnemba, ilijitokeza na kutaja bei ya dola bilioni 34.5. Hata hivyo, Jaji Mehta aliona kwamba kuilazimisha Google iuze Chrome ni kuvuka mipaka ya kosa lenyewe, na kwamba ujio wa akili mnemba umekwisha kuanza kubadili ushindani. Kuhusu malipo, alisema kuyakata ghafla kungewaumiza wale wanaoyapokea.

Hapo ndipo penye kitendawili. Miongoni mwa wapokeaji wa fedha hizo ni wapinzani wa Chrome wenyewe.

Kivinjari na injini yake

Kila kivinjari kina sehemu ambayo mtumiaji haioni. Ndiyo inayopokea msimbo uliotumwa na tovuti, ikausoma, kisha ikauchora kuwa ukurasa wenye maandishi, picha na vitufe. Sehemu hiyo ndiyo injini. Msanifu wa tovuti anaweza kuandika apendavyo, lakini kile ambacho injini haikielewi hakitaonekana.

Leo zimebaki familia tatu kubwa za injini. Ya kwanza ni Blink, inayoongozwa na Google. Hiyo ndiyo iliyomo ndani ya Chrome, lakini pia ndani ya Edge ya Microsoft, Opera, Brave na kivinjari cha simu za Samsung. Ya pili ni WebKit ya Apple, iliyomo ndani ya Safari. Ya tatu ni Gecko ya Mozilla, inayoendesha Firefox.

Kwa hesabu za kampuni ya Statcounter, Chrome peke yake inachukua takriban theluthi mbili ya matumizi yote duniani, na Firefox imebaki na asilimia chache tu. Ukijumlisha na vivinjari vingine vinavyotumia Blink, sehemu ya injini hiyo inakuwa kubwa zaidi. Hivyo, hata kama mahakama ingeamuru Chrome ipewe mmiliki mwingine, hali hiyo isingebadilika kwa siku moja.

Yaliyowahi kutokea

Mtandao wa wavuti haukuzaliwa ukiwa mali ya mtu. Tim Berners-Lee aliuandikia pendekezo mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, na mwezi Aprili 1993 kituo hicho kikatangaza kwamba yeyote duniani anaweza kuutumia bila malipo. Ushindani wa vivinjari ulianza muda mfupi baadaye: Netscape Navigator mwaka 1994, na Internet Explorer ya Microsoft mwaka 1995.

Microsoft ilitumia nguvu ya mfumo wake wa Windows kuisukuma Netscape pembeni. Serikali ya Marekani iliishitaki mwaka 1998. Mwezi Juni 2000 jaji aliamuru kampuni hiyo igawanywe mara mbili, lakini mahakama ya rufaa ikalitengua agizo hilo mwaka 2001, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano. Kama ilivyotokea kwa Chrome, mshitakiwa alionekana na hatia lakini akaondoka na mali yake.

Kilichofuata ni somo kwa wote. Internet Explorer toleo la 6 lilitoka mwaka 2001, na wakati huo washindani walikuwa wamekwisha kusambaratika. Toleo la 7 halikutoka hadi mwaka 2006. Kwa miaka mitano, kivinjari kilichoshika zaidi ya asilimia 90 ya soko hakikuwa na sababu ya kukimbia, kwa kuwa hapakuwa na aliyekikimbiza. Wasanifu walitumia nguvu zao kuzunguka kasoro zake, na ofisi nyingi zikajenga mifumo inayofanya kazi humo tu. Korea Kusini ilijenga huduma zake za benki juu ya teknolojia ya Microsoft iitwayo ActiveX, ikatumia miaka mingi kujinasua.

Aliyeiamsha Microsoft hakuwa jaji. Ni Firefox, iliyotoka Novemba 2004, ikijengwa kwa msimbo ambao Netscape iliufanya huria kabla ya kuanguka. Baadaye ikaja Chrome yenyewe, mwezi Septemba 2008, ikiwa na kasi ambayo watumiaji walikuwa hawajaizoea. Chrome ilipanda kwa ubora wake. Hilo hata wakosoaji wake wanalikubali.

Wapinzani walivyopungua

Kujenga injini ni kazi ya mamia ya wahandisi na ya miaka mingi. Mwezi Februari 2013 kampuni ya Opera ya Norway ilitangaza kuiacha injini yake, Presto. Desemba 2018, Microsoft, mojawapo ya kampuni tajiri kuliko zote duniani, nayo ikasalimu amri. Edge mpya yenye injini inayoongozwa na Google ilitoka Januari 2020. Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa mwezi Juni 2022.

Wanaotetea hali ya sasa wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Kwanza, Blink ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuuchukua na kuubadili. Pili, msanifu anayejenga kwa ajili ya injini moja hupunguza gharama na muda. Tatu, Google imetumia fedha nyingi kuufanya mtandao uwe na kasi na usalama zaidi. Microsoft, Opera na Brave hazikulazimishwa, zilichagua.

Lakini uwazi wa msimbo si sawa na usawa wa maamuzi. Sehemu kubwa ya kazi katika mradi huo hufanywa na waajiriwa wa Google. Anayetaka kwenda njia tofauti anaweza, mradi awe tayari kuibeba tofauti hiyo peke yake kila toleo jipya linapotoka. Kampuni ndogo hazina ubavu huo.

Vilevile, sheria za mtandao wenyewe zimesimama juu ya dhana ya kuwapo kwa wengi. Kundi la WHATWG, linalotunza kanuni za lugha ya HTML, hutaka jambo jipya liungwe mkono na angalau watengenezaji wawili wa injini kabla ya kuingizwa. Kanuni hiyo ina maana wakati injini ni nyingi. Ikibaki moja, mwenye injini ndiye kanuni.

Maamuzi yanayomfikia mtumiaji

Mfano mmoja unahusu picha. JPEG XL ni muundo wa picha unaoweza kupunguza uzito wa faili bila kuharibu ubora, jambo lenye faida kwa mtu anayelipia kila megabaiti. Mwezi Oktoba 2022, kundi linalosimamia injini ya Chrome lilitangaza kuuondoa muundo huo uliokuwa bado katika majaribio, kwa maelezo kwamba hamu ya kuutumia haikutosha. Kampuni kadhaa kubwa zilipinga, lakini uamuzi ukabaki. Kwa wasanifu wengi hadithi ilikuwa imekwisha, kwa sababu muundo usiofunguka katika Chrome hauna soko.

Haikuishia hapo, kwa sababu WebKit ipo. Apple iliuingiza muundo huo katika Safari mwaka 2023. Mwishoni mwa mwaka 2025, kundi la Chrome lilieleza kwamba liko tayari kuupokea tena. Kama pasingekuwa na injini nyingine, mjadala ungezikwa mwaka 2022.

Mfano wa pili ni vidakuzi, vile vijifaili vinavyoyawezesha makampuni ya matangazo kumfuata mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine. Safari na Firefox zilianza kuvizuia mapema. Google iliahidi mwezi Januari 2020 kwamba itaviondoa katika muda wa miaka miwili. Ikaahirisha mara tatu, na mwezi Julai 2024 ikauacha mpango huo. Ni haki kusema kwamba wasimamizi wa ushindani nchini Uingereza nao walikuwa na wasiwasi kuwa mpango wenyewe ungeipa Google nguvu zaidi katika matangazo. Lakini hilo ndilo tatizo lenyewe: kampuni inayoishi kwa matangazo ndiyo inayoamua kivinjari kimlinde mtumiaji kiasi gani dhidi ya matangazo.

Tena kuna suala la usalama. Mwezi Septemba 2023 iligunduliwa kasoro katika maktaba ya msimbo inayosoma picha za WebP, muundo uliobuniwa na Google. Chrome, Edge, Opera na Brave zote zililazimika kutoa masahihisho ya haraka, na hata Firefox pia, kwa kuwa nayo ilikuwa ikitumia maktaba hiyo. Pale ambapo wote wanachota maji katika kisima kimoja, sumu ya mmoja ni sumu ya wote.

Mpinzani anayelishwa na mshindani wake

Mozilla, mmiliki wa Firefox, ni taasisi isiyo ya kibiashara yenye kampuni chini yake. Mwezi Mei 2025, ofisa wake mkuu wa fedha aliieleza mahakama ya Washington kwamba karibu asilimia 90 ya mapato ya kampuni yanatokana na Firefox, na kwamba takriban asilimia 85 ya hayo yanatoka Google, kwa ajili ya kuwekwa kuwa huduma ya kwanza ya utafutaji. Kwa maneno mengine, injini huru iliyosalia nje ya makampuni makubwa inategemea hundi ya yule inayeshindana naye. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ndiyo sababu ruhusa ya malipo iliyotolewa na Jaji Mehta ilipokewa na Mozilla kwa nafuu. Kuyapiga marufuku kungemwadhibu Google kwa mkono mmoja na kuiangamiza Firefox kwa mkono wa pili.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, hatima ya taasisi hiyo si habari ya mbali. Mwaka 2021, mradi wake wa Common Voice ulipata dola milioni 3.4 kutoka kwa wafadhili wa Marekani, Uingereza na Ujerumani ili kukusanya sauti za Kiswahili zitakazotumiwa na yeyote anayetaka kuifundisha kompyuta kusikia lugha hii. Kazi ya aina hiyo, isiyo na faida ya haraka, ndiyo huwa ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Mozilla ilipunguza takriban wafanyakazi 250 mwezi Agosti 2020, na mwezi Novemba 2024 taasisi mama nayo ikapunguza karibu theluthi moja ya watu wake.

Afrika Mashariki katika picha hii

Afrika Mashariki haimo katika jalada la kesi, lakini imo katika matokeo yake. Simu nyingi zinazotumika katika eneo hili ni za Android, mfumo wa Google, na Chrome huja ikiwa imekwisha kuwekwa. Hata mtu asiyeigusa Chrome, akifungua kiungo ndani ya programu nyingine ya simu, mara nyingi ukurasa huchorwa na injini ile ile ya Blink bila yeye kujua.

Kuna wakati mambo yalikuwa tofauti. Opera Mini, iliyoenea duniani kuanzia mwaka 2006, ilipata wafuasi wengi barani Afrika kwa sababu ilibana kurasa katika kompyuta za kampuni kabla ya kuzituma kwenye simu. Mtu aliyekuwa na salio dogo aliweza kusoma habari kwa gharama ndogo. Nchini Tanzania, mwaka 2019 Vodacom iliingiza sokoni simu ya Smart Kitochi, yenye vitufe na mfumo wa KaiOS, ambao chimbuko lake ni Firefox OS ya Mozilla. Njia zote mbili zilizaliwa kwa kuwa palikuwa na watu wenye injini tofauti na mawazo tofauti kuhusu nani anastahili kuhudumiwa.

Serikali nazo zina la kujifunza. Mfano ni Afrika Kusini. Teknolojia ya Flash ya kampuni ya Adobe ilifikia mwisho wake tarehe 31 Desemba 2020, baada ya tangazo lililotolewa tangu mwaka 2017. Mamlaka ya mapato ya nchi hiyo ilikuwa bado na fomu zinazoitegemea. Mwezi Januari 2021 ililazimika kutoa kivinjari chake yenyewe, ili walipa kodi waweze kuendelea kuzijaza. Huduma ya umma iliyojengwa juu ya teknolojia ya kampuni moja hufuata maisha ya kampuni hiyo, si mahitaji ya mwananchi.

Mataifa ya Afrika Mashariki sasa yanahamishia mtandaoni vibali, leseni, kodi na vyeti. Mkandarasi anayeujaribu mfumo wake katika Chrome peke yake hatambui kwamba ameweka sharti jipya la uraia: lazima mtu awe na kivinjari fulani, tena toleo la karibuni, ndipo apate huduma aliyokwisha kuilipia kodi.

Ulaya, Japani na ukuta wa Apple

Apple haiwezi kutazamwa kama mkombozi. Kwa miaka mingi imelazimisha kila kivinjari katika iPhone kitumie WebKit. Chrome na Firefox za iPhone ni sura tu juu ya injini ya Apple. Sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya iliifanya kampuni hiyo iruhusu injini nyingine barani humo kuanzia Machi 2024. Japani ilifuata mwezi Desemba 2025 kwa sheria yake, na wasimamizi wa Uingereza mwezi Oktoba 2025 waliziweka Apple na Google katika daraja la makampuni yanayohitaji uangalizi maalumu.

Hatua hizi zina makali pande mbili. Sharti la Apple linamfunga mtumiaji, lakini pia ndilo linalowafanya wasanifu wasiweze kuipuuza WebKit. Likiondolewa bila kuwapo kwa mshindani mwingine mwenye nguvu, huenda Blink ndiyo itakayojaza nafasi hiyo. Kuvunja ukuta mmoja kunaweza kumwongezea eneo mwenye kiwanja kikubwa zaidi.

Njia zilizosalia

Juhudi mpya zipo, ingawa ni changa. Injini ya Servo, iliyoanzishwa na Mozilla na kisha kuachwa, ilichukuliwa na Linux Foundation mwaka 2020 na inaendelea kujengwa. Mradi wa Ladybird, uliosajiliwa kuwa taasisi isiyo ya kibiashara mwaka 2024, unaandika injini mpya kuanzia mwanzo na hautaki fedha za mikataba ya utafutaji. Hakuna anayetarajia kwamba miradi hii itaitikisa Chrome kesho. Lakini Firefox nayo ilianza ikiwa mabaki ya kampuni iliyoshindwa.

Kwa wanaojenga tovuti, hakuna haja ya kungoja mahakama. Kuandika kwa kufuata kanuni za wazi, kujaribu kazi katika injini zaidi ya moja, na kuhakikisha ukurasa unasomeka hata katika simu dhaifu ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa ofisi ndogo ya Nairobi au Kigali. Kwa serikali, sharti kama hilo linaweza kuandikwa katika zabuni kwa sentensi moja, na mfumo usipokelewe mpaka ulithibitishe.

Historia ya Microsoft inaonyesha kwamba hukumu peke yake haikuurudisha ushindani. Uliurudishwa na kuwapo kwa chaguo jingine, na watu waliokuwa tayari kulitumia kabla halijawa na nguvu. Jaji Mehta ameamua nani aendelee kuimiliki Chrome. Iwapo mtandao utabaki mali ya wote au utakuwa kiwanja cha kampuni moja chenye wageni wengi, hilo litaamuliwa na wale wanaoujenga, ukurasa kwa ukurasa, na wanaowalipa kuujenga.